Magari ya Nchi Kavu na Maji ya Bahari: Njia za Uchafuzi kutoka Kasese na Bwera

Ikisiri

Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, ni miji iliyo mbali sana na pwani, na kwa sababu hiyo ulinzi wa bahari huonekana huko kuwa wajibu wa watu wengine. Makala haya yanaeleza kwamba uchafuzi wa magari hutoka katika eneo hilo kwa njia mbili: hewa na maji. Njia ya hewa hufika katika bahari zote. Njia ya maji hupitia Ziwa George na Ziwa Edward, ambayo huzuia sehemu kubwa ya sumu na kuathirika kabla ya bahari. Makala yanahitimisha kwamba gereji, kituo cha kuoshea magari na foleni ya malori mpakani ndipo mahali pa kuanzia, na kwamba Kiswahili kina nafasi ya pekee katika kazi hiyo.

Istilahi za msingi: uchafuzi, magari, oili chafu, maziwa, bahari, Kasese, Mpondwe

1.0 Utangulizi

Mji wa Kasese umekaa chini ya milima ya Rwenzori, katika barabara inayounganisha Mbarara na Fort Portal. Upande wa magharibi, karibu na Bwera, kuna mpaka wa Mpondwe, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Malori ya saruji, vyakula na mafuta hupita hapo kuelekea Beni na Butembo. Mwezi Juni 2021, marais wa nchi hizo mbili walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za upande wa Kongo, ikiwemo ile ya Kasindi hadi Beni yenye kilomita 80. Barabara njema huleta biashara, na biashara huleta magari.

Swali linalojitokeza ni hili: dereva anayeacha injini ikiunguruma Mpondwe, au fundi anayemwaga oili chafu nyuma ya gereji mjini Kasese, ana uhusiano gani na bahari? Kulijibu kunahitaji kufuata kila aina ya uchafu hadi unakoishia.

2.0 Njia ya hewa

Lita moja ya dizeli inapoungua hutoa takriban kilo 2.6 za hewaukaa. Petroli hutoa takriban kilo 2.3. Gesi hiyo haina mpaka. Inayotoka Bwera huchanganyika na inayotoka Nairobi, London au Tokyo, na bahari hufyonza takriban robo ya hewaukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Ikiyeyuka majini, huongeza tindikali. Tangu kuanza kwa zama za viwanda, kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1. Tarakimu hizo huonekana ndogo, lakini kwa jinsi kipimo hicho kilivyopangwa, ni ongezeko la asilimia zipatazo 30 la tindikali, linalowapa shida viumbe wanaojenga magamba na matumbawe.

Pamoja na tindikali kuna joto. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi hizo huingia baharini. Mwaka 1998, joto la maji katika Bahari ya Hindi ya magharibi lilisababisha matumbawe mengi kupauka na kufa, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Shelisheli. Mkazi wa Kasese halazimiki kusafiri hadi Mombasa ili kuona dalili za ongezeko la joto duniani. Barafu ya Rwenzori, iliyokadiriwa kuwa na zaidi ya kilomita za mraba 6 mwaka 1906, ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba mwanzoni mwa karne hii.

Masizi na moshi mweusi, kwa upande wake, haviendi mbali kama hewaukaa. Hubaki mapafuni mwa wachuuzi, maofisa wa forodha na madereva wenyewe wanaosubiri mpakani.

3.0 Njia ya maji

Gari huchafua maji hata bila kutoa moshi. Matairi yanaposuguana na lami huacha chembechembe za mpira na kemikali. Vitambaa vya breki huacha vumbi la metali, ikiwemo shaba. Injini huvuja oili na grisi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi hukusanya vyote hivyo na kuviteremsha mitaroni, kisha mtoni.

Uzito wa jambo hili umethibitishwa kwingineko. Mwaka 2020, watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walitangaza kwamba vifo vya samaki aina ya coho, vilivyokuwa vikitokea kila baada ya mvua, vilisababishwa na kemikali inayotokana na kiungo cha kulinda mpira wa matairi. Magari hayakuwa yameingia mtoni. Mvua ndiyo iliyobeba sumu kutoka barabarani. Jimbo la California lilikuwa limepitisha, mwaka 2010, sheria ya kupunguza shaba katika vitambaa vya breki kwa sababu ya madhara yake kwa viumbe wa majini.

Katika Kasese, mto Nyamwamba huteremka kutoka Rwenzori, hupita mjini na kuelekea Ziwa George. Maji ya Ziwa George hutoka kupitia mfereji wa asili wa Kazinga hadi Ziwa Edward, ambalo pia hupokea mto Lhubiriha kutoka upande wa Bwera. Mto Semliki huyachukua kutoka Ziwa Edward hadi Ziwa Albert, na kutoka hapo Nile huyapeleka hadi Bahari ya Mediterania.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba kila tone la oili lililomwagwa Kasese hufika Misri. Metali nzito hushikamana na tope na kutuama. Kwa maana hiyo, maziwa ni chujio la bahari, na chujio hubaki na uchafu. Ziwa George lina kina cha wastani wa takriban mita 2.4 tu, na upepo huweza kuyakoroga maji yake hadi chini karibu kila siku. Kwa hiyo kilichotuama hakitulii. Vijiji vya wavuvi kama Hamukungu, Kahendero, Katwe na Kayanja vimezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, ambamo kilimo hakiruhusiwi. Kwa wakazi wa vijiji hivyo, ngege akitoweka, shamba mbadala halipo.

4.0 Funzo la Kilembe

Kasese ina kumbukumbu yake yenyewe kuhusu safari ya metali. Reli ilifika mjini humo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na uchimbaji mkubwa uliendelea hadi mapema miaka ya 1980. Mabaki yenye kobalti yalirundikwa Kasese. Mvua iliyamomonyoa, ikayateremsha ndani ya hifadhi kuelekea Ziwa George, na ikaacha njia ambayo mimea haikuota. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kuyasafisha mabaki hayo ili kupata kobalti. Mafuriko ya Nyamwamba ya mwaka 2013 na 2020 yalionyesha tena kwamba kila kinachoachwa kwenye kingo za mto huo kinaweza kuchukuliwa.

Funzo lake kwa magari ni kwamba uchafu unaoachwa juu ya mto hautoweki kwa kutoonekana. Tofauti ni kwamba mgodi ulikuwa na lango na mmiliki mmoja. Gereji, pikipiki za bodaboda na malori ni vyanzo vingi vidogo, na hakuna anayejiona kuwa mchafuzi.

5.0 Sheria na mipaka yake

Hatua za kikanda zimewahi kufaulu. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwisho wa mwaka 2005. Kuanzia Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Katika mabadiliko hayo yote, dereva hakuombwa kubadili tabia. Kilichobadilishwa ni mafuta yenyewe.

Umri wa magari ni suala gumu zaidi. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza Uganda gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa, ilhali Kenya huweka kikomo cha miaka 8. Gari lililoingia likiwa na miaka 14 huweza kutumika miaka mingine mingi, na sheria ya uingizaji hailigusi tena. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu kingo za mito na maziwa nazo zinatenga ukanda wa ulinzi, lakini kuosha magari mtoni kungali kumezoeleka katika miji mingi nchini.

6.0 Nafasi ya Kiswahili

Tangazo lililoandikwa kwa lugha ya kitaalamu ya Kiingereza halimfikii fundi. Mpondwe ni mahali ambapo Lhukonzo, Kiingereza na Kifaransa hukutana, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha dereva wa Mombasa, fundi wa Bwera na mfanyabiashara wa Butembo. Msamiati uliopo unatosha: oili chafu, gereji, breki, moshi, mtaro. Maelekezo yakiandikwa kwa maneno hayo hueleweka pande zote mbili za mto. Mfano wake ni huu: "Zima injini ukisubiri forodhani. Oili chafu iwekwe kwenye pipa lenye mfuniko. Isimwagwe chini wala mtaroni."

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kasese na Bwera zimeunganishwa na bahari kwa hewa na kwa maji, na kwamba maziwa yaliyo katikati hubeba mzigo wa kwanza. Hatua zinazopendekezwa ni nne: gereji za mji zikusanye oili chafu kwa pamoja; vituo vya kuoshea magari vihamishwe kutoka mtoni na kuwekewa mashimo ya kunasa mafuta; foleni za mpakani zifupishwe kwa kuharakisha nyaraka; na magari yaliyokwisha kuingia nchini yakaguliwe mara kwa mara. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji mtu aione bahari kwanza. Mvuvi wa Hamukungu atanufaika nazo mapema kuliko yule wa Mediterania, na hiyo ni sababu tosha ya kuanza.