Fahamu: Jazi ya Dar inawezaje kurudi redioni?

Jazi gani?
Ni muziki wa dansi wa bendi kama Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 na leo ni Msondo Ngoma. Kumbi za Kariakoo zilifurika wapenzi wake.

Kwa nini ilififia hewani?
Radio Tanzania ilizirekodi bendi hizi. Redio binafsi ziliporuhusiwa miaka ya 1990, vijana wakaja na Bongo Fleva, muziki wa kizazi kipya, uliochukua nafasi ya jazi hewani.

Irudije?
Kanda zote za Radio Tanzania, sasa chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), zihifadhiwe kidijitali kabla hazijaharibika. Zilipendwa, yaani nyimbo hizi za zamani, zipigwe kila siku, wanamuziki na warithi wao walipwe mirabaha. Vijana wanastahili kuusikia urithi huu.