Kabla ya Kuuliza Bei

Mtekaji anayedai kikomboleo anauza kitu kimoja tu: uhai wa mtu. Kwa hiyo wapatanishi wa polisi hawaanzi na fedha. Huanza kwa kutaka kuhakikishiwa kwamba mateka yu hai.

Waingereza walijifunza hilo kwa uchungu katika kesi ya Muriel McKay, aliyechukuliwa nyumbani kwake Wimbledon, London, tarehe 29 Desemba 1969. Mumewe, Alick, alikuwa kigogo katika kampuni ya magazeti ya Rupert Murdoch. Watekaji, ndugu Arthur na Nizamodeen Hosein, walimlenga mke wa Murdoch. Walilifuatilia Rolls-Royce la kampuni bila kujua kwamba Murdoch yuko Australia na gari limeachiwa Alick. Usiku uleule simu ikaita: leteni pauni milioni 1.

Polisi walikuwa wageni wa uhalifu wa aina hii. Habari zilienea magazetini, na matapeli nao wakaanza kupiga simu. Zikaja barua zenye mwandiko wa Muriel, kisha vipande vya nguo zake.

Kipande cha nguo huonyesha kwamba aliyekituma alimtia mateka mikononi. Hakionyeshi kama leo bado anapumua. Barua nayo yaweza kuandikwa siku ya kwanza ikatumwa baada ya mwezi. Mpatanishi hutaka jambo la sasa hivi: sauti ya mateka kwenye simu, au jibu la swali ambalo mtekaji hawezi kulibahatisha, kama vile jirani wa utotoni alifuga mnyama gani. Swali hilo halirudiwi. Kila awamu ya mazungumzo huja na jipya.

Kwa Muriel, uthibitisho wa namna hiyo haukupatikana. Februari 1970, mtego wa masanduku ya fedha uliwaelekeza polisi kwenye Volvo iliyokuwa ikizungukazunguka, na Volvo ikawapeleka Rooks Farm, shamba la akina Hosein huko Hertfordshire. Alama za vidole na karatasi zilizochanwa daftarini ziliwatia ndugu hao hatiani kwa mauaji, ingawa mwili haujaonekana hadi leo.

Miaka mingi baadaye Nizamodeen alidai Muriel alifariki siku chache baada ya kutekwa. Ikiwa alisema kweli, karibu majadiliano yote ya kikomboleo, yaliyochukua zaidi ya mwezi, yalihusu mtu aliyekwisha kufa.