Ng'ombe wa Udongo katika Pango la Noeli

Katika nyumba moja ya Nkololo, wilayani Bariadi, nililiona pango la Noeli ambalo halijanitoka moyoni, si kwa ukubwa wala kwa mapambo yake, bali kwa kuwa ng'ombe aliyesimama mlangoni alikuwa mkubwa kuliko kijumba chenyewe, na pembe zake, miiba miwili myeupe ya mgunga iliyochomekwa udongo ungali mbichi, zilitanuka hata Yusufu akakosa pa kusimama ila chini ya shingo ya mnyama.

Kuwakusanya watoto wakati wa sikukuu ili wajenge kijumba ni desturi ya mataifa mengi. Wajerumani hukijenga kwa mkate wa tangawizi na sukari, na ndugu Grimm walikwisha kusimulia habari za nyumba ya mkate katika kitabu chao cha mwaka 1812. Huku Usukumani udongo ndio unga, na utamu hubaki kinywani: bibi wa nyumba ile, ambaye huifanya kazi hii na wajukuu wake kila Desemba, huwagawia matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, wakitafuna huku wakifinyanga, asije mmoja akachoka kabla kondoo hawajapata miguu.

Udongo wenyewe, alinieleza kwa utulivu wa fundi asiyeharakishwa, ni wa kichuguu, maana ni laini na hushikana. Ule mweusi wa mbuga, ingawa ndio uzaao pamba, haufai katu, kwa kuwa hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Ule wa kichuguu hupondwa, huchekechwa, hutiwa maji kidogo kidogo, kisha hukandwa na kulazwa chini ya gunia lenye unyevu hata asubuhi. Ng'ombe huanzwa kwa kiwiliwili, nundu huvutwa juu kwa vidole viwili, miguu hufanywa minene, na pembe huja mwisho. Za udongo huvunjika, akasema, ndipo watoto wakakimbilia miiba. Naye hakuwafundisha hilo, walilibuni wenyewe. Kilichokamilika huanikwa kivulini, kwani jua la Simiyu halina rehema kwa kitu kibichi.

Nilithubutu kumwambia kwamba Injili ya Luka, inayotaja hori, haimtaji ng'ombe hata mmoja, na kwamba aghalabu huyo hunasibishwa na maneno ya nabii Isaya, kisha akapata umaarufu tangu Fransisko wa Asizi alipomweka ng'ombe na punda wa kweli kule Greccio, Italia, mwaka 1223. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akauliza: "Sasa mwanangu, hori bila ng'ombe ni la nini?" Sikuwa na jawabu, wala sioni kwamba wataalamu wa maandiko wangekuwa nalo lililo bora zaidi.

Paa la kijumba ni la nyasi, la msonge, ilhali nyumba wanamolala watoto wale ni ya bati. Je, msonge huo wameuona wapi, ikiwa si katika masimulizi ya bibi? Padre David Clement aliyejenga kanisa la mviringo kule Bujora, karibu na Mwanza, katika miaka ya 1950, alikusudia kwa hiari yake kuitia ibada katika sura ya Kisukuma. Hawa wadogo hawakukusudia lolote, nao wamefika mahali palepale. Tena, wasichana walifinyanga ng'ombe sawa na wavulana, jambo ambalo, kwa kauli ya bibi, utotoni mwake lingechekwa, kwa kuwa fungu la msichana lilikuwa vyungu. Ni nani aliyeiondoa sheria hiyo, na lini, hakuniambia.

Pango huvunjwa baada ya Epifania. Watakatifu huhifadhiwa kabatini, ng'ombe huachiwa watoto na kuisha kabla ya Kwaresima. Mzazi apendaye kujaribu na aukande udongo wake mapema, walau majuma mawili kabla ya sikukuu, maana Desemba ni mwezi wa mvua, na kilichofinyangwa mkesha wa Noeli hakikauki.