Simu ya Bei Kubwa: Itakufaa Nini Nyumbani?

Mama anapokwenda kununua cherehani huwa hana haraka. Huuliza kama sindano zake zinapatikana, hukijaribu kitambaa kizito na chepesi, huzungusha gurudumu kwa mkono na kusikiliza mlio wake. Ndipo huanza kutaja bei. Lakini simu ya mkononi, ambayo siku hizi hugharimu fedha nyingi kuliko cherehani kadhaa, wengi wetu tunainunua kwa sababu tumeiona mkononi mwa mwingine, au kwa sababu muuzaji ametuambia kwamba ndiyo "mwisho wa matatizo".

Katika makala hii, mpenzi msomaji, tutaichukua simu moja ya daraja la juu kabisa na kuikagua kama tunavyokagua cherehani. Simu yenyewe ni Samsung Galaxy S24 Ultra, iliyotangazwa na kampuni ya Samsung ya Korea Kusini mnamo Januari 17, 2024. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mwaka 2025 ilifuatiwa na mdogo wake, S25 Ultra, na simu ikishapata mdogo wake huanza kuuzwa kama mtumba, hata kina mama wa kawaida wakashawishika. Pili, mengi tutakayoyasema juu yake yanazihusu pia simu nyingine za daraja hilo.

Ilipotoka, bei yake ya kuanzia huko Marekani ilikuwa dola 1,299. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha wakati ule, hizo ni zaidi ya shilingi milioni tatu za Tanzania, kabla ya kodi na faida ya mwenye duka. Fedha hizo ni ada ya shule, ni mabati, ni mtaji wa biashara. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza: zinanunua nini hasa?

UMBO NA KIOO

Simu hii ni kubwa na nzito. Uzito wake ni gramu 232, yaani karibu na robo kilo ya sukari, na kioo chake kina ukubwa wa inchi 6.8. Mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi ataona taabu kuitumia kwa mkono mmoja. Fremu yake ni ya titani, madini yaliyo magumu na mepesi kuliko chuma, lakini mbele na nyuma ni kioo. Kioo ni kioo. Kikiangukia sakafu ya saruji chaweza kupasuka, na kukibadilisha ni gharama kubwa. Kava nzuri si pambo bali ni lazima.

Sifa yake moja utaishukuru kila siku: kioo hiki husomeka juani. Mwanga wake ni mkali, tena kimetengenezwa ili kisirudishe sana mng'ao wa jua machoni. Kwa anayeuza sokoni na kupokea malipo kwa simu mchana kutwa, jambo hili si dogo. Wengi wamewahi kukosea tarakimu moja kwa sababu ya jua, na fedha zikaenda kwa mtu wasiyemjua.

JIKONI NA MAJI

Simu hii ina kinga ya maji ya kiwango kinachoitwa IP68. Maana yake ni kwamba imepimwa katika maji baridi yasiyo na chumvi, kina cha mita 1.5, kwa muda wa dakika 30. Basi ikirushiwa maji ya kuoshea vyombo, ifute na uendelee. Lakini usidanganyike ukaiosha kwa sabuni au kuingia nayo baharini. Kipimo hakikufanywa kwa sabuni wala kwa maji ya chumvi, na kinga yenyewe hupungua simu inapozeeka, inapoanguka au ikishafunguliwa na fundi.

PICHA

Hapa ndipo wauzaji wanaposifia mno. Watakuambia kamera ina pikseli milioni 200. Ni kweli, lakini katika matumizi ya kawaida simu huunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya pikseli milioni 12 hivi. Inafanya hivyo kwa makusudi, ili picha iwe safi hasa penye mwanga hafifu. Kwa hiyo idadi ile kubwa isikutie kiwewe.

Kinachofaa zaidi ni kamera zake za kuvuta mbali. Mojawapo huvuta mara 3 na nyingine mara 5 bila kuharibu picha. Mama aliyekaa benchi la nyuma siku mtoto wake anapobatizwa au kupata kipaimara ataweza kuuona uso wake vizuri bila kusogea mbele na kuvuruga ibada. Jioni, sebuleni penye taa moja, picha zake zitakuwa bora kuliko za simu ya bei nafuu.

Hata hivyo, jiulize picha zako huishia wapi. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora ili iwe nyepesi, na anayeipokea huitazama kwenye kioo kidogo. Wengi hawataona tofauti kati ya picha yako na ya jirani mwenye simu ya kawaida.

BETRI, CHAJA NA HIFADHI

Betri yake ni ya mAh 5,000. Kwa matumizi ya kawaida itakufikisha usiku. Sasa sikiliza jambo hili: Samsung Galaxy A15, simu ya bei nafuu ya kampuni hiyohiyo iliyotoka Desemba 2023, nayo ina betri ya mAh 5,000. Katika nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara, betri ni sifa ya kwanza, na sifa hiyo haikuhitaji mamilioni.

Ndani ya boksi la simu hii ya bei kubwa hakuna chaja. Utakuta waya tu. Ukitaka ijae haraka itakubidi ununue chaja ya wati 45, ambayo kampuni inasema huijaza asilimia 65 kwa nusu saa. Usiokote chaja yoyote ya barabarani, maana chaja bandia huharibu betri na zaweza kuleta moto.

Tena simu hii haina mahali pa kuweka kadi ya kumbukumbu, wala tundu la waya wa spika za masikioni. Nafasi uliyonunua nayo, kuanzia GB 256, ndiyo utakayobaki nayo. Ile A15 ina vyote viwili. Mara nyingine cha bei ndogo humshinda cha bei kubwa.

KALAMU NA TAFSIRI

Tumboni mwa simu hii mna kalamu ya kuandikia juu ya kioo. Katibu wa kikundi cha akina mama, mwalimu wa shule ya Jumapili, au yeyote anayependa kuandika mambo makuu ya mahubiri ataifurahia.

Samsung waliisifu pia kwa akili bandia, hasa uwezo wa kutafsiri maongezi ya simu papo hapo. Lakini ilipotoka ilijua lugha 13 na Kiswahili hakikuwamo. Hili ni somo kwetu. Chombo kinaposifiwa kwamba kinajua mengi, uliza kama kinayajua ya kwako.

JE, SI INADUMU ZAIDI?

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, nasi tusiidharau. Samsung waliahidi kuipa simu hii masasisho ya programu na ya usalama kwa miaka 7. Masasisho ni kama kufunga nyufa za nyumba ili mwizi asipite. Kwa mtu anayeweka fedha zake katika simu, ni jambo la maana.

Basi tupige hesabu. Dola 1,299 tukizigawa kwa miaka 7, kila mwaka ni dola 186 hivi. Upande wa pili, A15 ya 5G iliuzwa Marekani kwa dola 200 na kuahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka 5. Hiyo ni dola 40 kwa mwaka. Kwa hiyo maneno kwamba "ghali ni rahisi kwa sababu inadumu" hayasimami hapa. Tena betri zote huchoka kadiri zinavyochajiwa, hivyo kabla ya miaka 7 kuisha huenda ukanunua nyingine. Na mwizi akiichukua mwezi wa tatu, ile miaka 7 imekwenda naye.

Pia tukumbuke kwamba huduma inayozisaidia nyumba zetu kuliko zote, yaani kutuma na kupokea fedha, iliingia Tanzania mwaka 2008 ikifanya kazi katika simu ndogo za vitufe, na hata leo inafanya kazi humo.

NANI INAMFAA?

Wapo wanaofaidika nayo kweli. Mama anayeuza keki au nguo za kushona kwa kuonyesha picha anahitaji kamera nzuri, na kwake simu ni jembe. Lakini jembe nalo lina hesabu yake. Tuseme umelipa shilingi 3,000,000 na kila keki inakuachia faida ya shilingi 10,000. Utahitaji kuuza keki 300 ili fedha zirudi. Tena keki 300 za ziada, zaidi ya zile ambazo ungeuza kwa simu uliyo nayo. Kama huzioni zitatoka wapi, basi unanunua pambo. Pambo si dhambi, ila lisinunuliwe kwa fedha za jembe.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, akasema huketi kwanza na kuhesabu gharama. Na yule mwanamke hodari wa Mithali 31 alilichunguza shamba kabla ya kulinunua. Hakuambiwa na shoga yake kwamba mashamba ya siku hizi ni haya.

UKINUNUA YA MTUMBA

Wengi watakutana na simu hii ikiwa imeshatumika. Kabla ya kutoa fedha fanya haya:

1. Bonyeza *#06#. Namba itakayotokea ifanane na iliyo katika boksi. Kwa Tanzania, itume kwenda 15090 ujue simu hiyo ni ya aina gani. Mwaka 2016 simu bandia zilizimwa nchini, na wengi walipoteza fedha zao.

2. Hakikisha aliyekuwa nayo ameondoa akaunti yake ya Google na ya Samsung mbele yako. La sivyo, siku ikifutwa upya itakudai nywila usiyoijua.

3. Angalia nafasi za laini. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hupokea kadi moja tu ya laini, na nyingine zimefungwa kwa mtandao mmoja wa huko.

4. Fungua picha nyeupe ijaze kioo. Ukiona vivuli vya maandishi ambavyo haviondoki, kioo kimechoka.

5. Chomoa kalamu uijaribu. Wengine huuza simu yenye kalamu isiyo yake.

6. Dai risiti. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, huenda mwenye simu analia mahali fulani. Mkristo hawezi kupiga picha za ubatizo kwa simu ya wizi akabaki na amani.

SIMU NA AMANI YA NYUMBA

Jambo la mwisho halimo katika boksi. Nyumba nyingi zimeingia matatani si kwa sababu ya simu mbaya, bali kwa sababu simu nzuri ilinunuliwa kwa siri. Mwingine amekopa katika kikoba akamwambia mumewe kwamba amepewa zawadi. Marejesho yanapoanza kudaiwa, uongo wa kwanza huzaa wa pili, na hela ya mboga ndiyo inayolipa. Wapo pia waume wanaobadilisha simu kila mwaka hali watoto wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya michango ya shule. Zungumzeni. Wekeni karatasi mezani, andikeni mapato, ada, chakula, sadaka na akiba, kisha mwone simu inakaa mstari wa ngapi. Mjane na mama anayelea peke yake naye aketi na dada au rafiki mwaminifu wahesabu pamoja.

Tena simu yenye kioo kizuri huwavuta watoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto walio chini ya miaka 2 wasiwekwe mbele ya vioo, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku. Simu hii ina sehemu maalumu ya watoto, nayo yafaa itumike, lakini haiwezi kuwa yaya.

Basi, hukumu yetu ni hii. Galaxy S24 Ultra ni simu bora: kioo chake, kamera zake na ahadi ya masasisho ni vya kusifiwa. Kwa mwenye kazi inayoihitaji na fedha isiyo ya deni, ni chombo kizuri. Kwa nyumba nyingi za wasomaji wetu, simu ya kati yenye betri nzuri, laini mbili na masasisho itafanya karibu kazi zote, na fedha inayobaki itawalipia watoto ada. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kama simu uliyo nayo bado inapiga, inapokea na kutunza fedha zako salama, ibadilishie betri, inunulie kava mpya, umshukuru Mungu.