Barafu ya Kibo na Hesabu ya Baridi

Mwanafunzi wa Bagara, mjini Babati, aweza kuuliza: mbona Hanang, wenye urefu wa mita 3,400 na ushei, hauna barafu kama Kilimanjaro? Jawabu ni hesabu. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ikiwa Babati, penye mita zipatazo 1,400, joto ni nyuzi 21, kileleni Hanang litakuwa nyuzi 9. Na Kibo, penye mita 5,895, nyuzi 6 chini ya sifuri.

Johannes Rebmann alipoeleza theluji aliyoiona huko mwaka 1848, baadhi ya wataalamu wa London walikataa kusadiki.

Mwaka 1912 barafu hiyo ilienea zaidi ya kilometa 11 za mraba. Mwaka 2011 hazikufika 2. La ajabu ni kwamba kileleni kungali na baridi ya kugandisha. Mlaji mkubwa wa barafu ni jua: katika hewa kavu, barafu hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Theluji mpya huikinga, maana weupe wake huurudisha mwanga angani. Lakini tangu mwishoni mwa karne ya 19, hewa ilipokauka, theluji imekuwa haba. Kuongezeka kwa joto la dunia kumezidisha hasara.

Hata hivyo, chemchemi za Uchagani hulishwa hasa na mvua na ukungu wa msituni. Moto ulioteketeza msitu wa juu umepoteza maji mengi kuliko barafu iliyotoweka.