Gari la turbo: kwa nini kompyuta ya injini haiguswi peke yake

Kila tunapozungumzia magari hewani, swali hili halikosekani: "Nina Subaru ya turbo, fundi anasema akiigusa kompyuta nguvu itaongezeka. Ni kweli?" Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo linaloiokoa injini, hasa kwetu wa Mgwashi tunaopanda na kushuka milima kila wiki.

Kompyuta ya injini hupokea taarifa za sensa: hewa iliyoingia, kasi ya mzunguko, joto. Kisha huamua mambo mawili: nozeli zimwage petroli kiasi gani, na plagi itoe cheche wakati gani. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 50 kwa sekunde. Bert Shankland wa Tanzania aliposhinda mbio za East African Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, cheche ilitegemea platini, na fundi aliirekebisha kwa mkono. Leo anatumia kompyuta mpakato.

Anayetafuta nguvu huongeza mgandamizo wa turbo na kuiwahisha cheche kidogo. Ikiwahi kupita kiasi, petroli hulipuka ovyo ndani ya silinda na injini hugonga. Ikigonga kwa muda, pistoni hupasuka au kutoboka.

Hapa kuna mambo mawili yanayotuhusu moja kwa moja.

La kwanza ni mafuta. Subaru Impreza WRX STI nyingi zilizotoka Japani zilipangiwa petroli ya huko yenye oktani 100. Petroli ya vituo vyetu haifiki hapo. Kompyuta ya kiwandani hujilinda kwa kuichelewesha cheche. Fundi akiuondoa ulinzi huo ili gari "liamke", ameondoa breki ya mwisho.

La pili ni mwinuko. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Tanga mjini. Hewa nyepesi huipunguzia injini mzigo, hivyo gari lililorekebishwa kwa kusikiliza tu huku juu linaweza kuonekana zima. Likishuka Mombo na kukamata barabara ya Tanga kwenye joto na hewa nzito, ndipo linapoanza kugonga. Dereva huilaumu barabara, kumbe kosa lilifanyika mlimani.

Cheche nayo ina sharti lake. Hewa ikigandamizwa zaidi, umeme hupata shida kuruka kwenye plagi. Koili iliyochoka huishindwa kazi hiyo, injini ikakosakosa. Ndiyo maana mafundi wa magari ya mashindano huweka plagi za baridi zaidi na kupunguza mwanya wake.

Basi, msikilizaji, fuata mpangilio huu. Kwanza hakikisha injini ni nzima na haivuji hewa. Kisha plagi, koili, chujio na pampu ya mafuta. Kompyuta iwe ya mwisho, na fundi apime uwiano wa hewa na petroli kwa kifaa, si kwa sikio. Mwambie ahifadhi programu ya awali, apange kwa petroli unayonunua kila siku, na alijaribu gari mlimani na bondeni.

Na breki? Hizo zitangulie vyote. Kona za Soni hazijali gari lako lina nguvu kiasi gani.