Klachi Imelegea Baada ya Kuitengeneza Nyumbani? Usifungue Injini Kwanza

UMEBADILISHA mafuta ya klachi ya pikipiki yako nyumbani, ukanawa mikono kwa furaha, kisha ulipobana mkono wa klachi ukaukuta laini kama sifongo. Ukitia gia ya kwanza, pikipiki inaruka mbele. Mwenye abiria nyuma yake hapaswi kufika barabarani katika hali hiyo.

Kule Njukini, upande wa Taveta karibu na mpaka wa Tanzania, pikipiki nyingi zibebazo abiria na mikungu ya ndizi hutumia klachi ya waya. Hizo ndizo zilizoenea nchini baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008. Waya ukilegea au nyuzi zikikatika, kijana yeyote wa stejini atakurekebishia. Lakini mwenye pikipiki kubwa yenye klachi ya mafuta huambiwa aipakie kwenye pikapu hadi Voi, zaidi ya kilomita 100, kumbe kilichomo ni hewa tu!

Mafuta hayabanwi yakapungua; hewa hubanwa. Povu dogo likibaki ndani ya paipu, nguvu ya mkono wako huishia hapo, na sahani za klachi haziachani.

Kabla ya yote, soma kifuniko cha kikopo kilicho kwenye usukani. Kikiandikwa DOT 4, tia hayo hayo, kutoka chupa mpya. Ziko pikipiki zinazotumia mafuta ya madini. Ukikosea, mipira ya ndani huharibika. Aidha, funika tangi kwa kitambaa, kwani mafuta ya breki hula rangi, na wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Sasa jaza kikopo. Chomeka mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea hewa kule chini, na ncha yake nyingine izame katika chupa yenye mafuta kidogo. Bana klachi polepole, ishikilie, legeza skrubu, ikaze, ndipo uachilie mkono. Ukiuachilia kabla ya kukaza, hewa itarudi ndani. Rudia mpaka mapovu yaishe, na kamwe kikopo kisikauke, ama utaanza upya.

Je, klachi inashika vizuri asubuhi lakini injini ikipata moto inateleza? Huenda umejaza kikopo kupita alama. Mafuta yakipata joto hutanuka, na yakikosa nafasi huisukuma klachi yenyewe. Punguza. Chunguza pia mafuta ya injini: mengine ya magari huzifanya sahani ziteleze, hata kwa pikipiki za waya. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA.

Na ikiwa mapovu yamekwisha lakini mkono bado unazama taratibu ukiushikilia, mpira wa pistoni umechakaa au kuna mahali panapovuja. Pangusa silinda ya chini kwa karatasi nyeupe uone kama italowa, kisha umweleze fundi ulichokiona kabla hajashika spana.